Mbwa wa Koko: Safari ya Kimuka kumchukua kilebu aliyetupwa

Ikiwa Jumapili hii huna la kufanya na watoto wamechoka kukodolea macho televisheni, panda matatu nambari 111 katikati ya jiji la Nairobi uende nayo hadi mwisho wa safari yake, mjini Ngong. Ni mwendo wa kama kilomita 22 tu. Ukishuka hapo utaona milima ya Ngong imejipanga mbele yako, vilele vinne mfano wa vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Kilele kirefu zaidi kimefikia mita 2,460 hivi kutoka usawa wa bahari. Juu ya mgongo huo vinu vya upepo vya kuzalisha umeme huzunguka mchana kutwa. Vinu vya kwanza vilisimamishwa mwaka 1993, na tangu hapo vimeongezwa.

Usiishie Ngong kama wafanyavyo wengi. Panda gari jingine liendalo upande wa Suswa. Barabara itakuzungusha ncha ya kaskazini ya milima, upite Kibiko, na mara utahisi kana kwamba mtu amefungua mlango. Nyuma yako umeacha mashamba ya kijani na ukungu. Mbele yako Bonde la Ufa limetandazwa, lina migunga, upepo mkavu na vumbi. Hapo ndipo Kimuka, katika Kajiado Magharibi, nchi ya Wamaasai wa Keekonyokie. Wakazi wengi wa jijini wakisikia Kajiado hufikiria Kitengela na magorofa yake. Kimuka ni Kajiado nyingine: maduka machache, mbuzi wanaovuka barabara kwa nafasi zao, na vibao vya ploti zinazouzwa vinavyoonyesha kwamba jiji linakuja huko pia.

Mimi na binti yangu wa miaka tisa hatukwenda kutazama mandhari. Tulikwenda kuchukua mbwa.

SANDUKU KANDO YA BARABARA

Habari tulizipata kwa rafiki yangu ambaye ni mwalimu huko. Alinieleza kuwa asubuhi moja wachungaji walikuta sanduku la karatasi limeachwa kando ya barabara. Ndani yake mlikuwa na vilebu watatu, yaani watoto wa mbwa, wote majike. Wawili walikwisha kufa kwa baridi. Wa tatu alichukuliwa na bibi mmoja mwenye boma karibu na hapo, akalazwa jikoni penye joto na kunyweshwa maziwa.

"Si ajabu," mwalimu aliniambia. "Watu hutoka jijini na magari yao, wakashusha watoto wa mbwa huku wakidhani nchi ya ng'ombe haikosi chakula."

Kwa nini majike? Wewe msomaji walijua jibu. Dume huombwa na majirani awe mlinzi. Jike huogopwa kwa kuwa atazaa, na watoto wake nao watahitaji kulishwa. Basi hutiwa sandukuni na kupelekwa mahali ambapo mwenyewe hatasikia kilio chao.

Bibi huyo huitwa Koko na kila mtu. Katika lugha ya Kimaasai, koko ni nyanya. Binti yangu alikuwa amefundishwa na mwalimu namna ya kusalimu, basi akainamisha kichwa, na Koko akamgusa utosini kama ilivyo desturi. Kisha kilebu akatolewa jikoni. Alikuwa mdogo kuliko paka, rangi ya udongo, sikio moja limesimama na jingine limelala.

"Ni mbwa wa aina gani?" binti yangu akauliza.

"Mbwa koko," nilimjibu, kwa maana ile tunayoijua sote: mbwa asiye na ukoo, chotara wa mitaani.

"Najua ni wa Koko," akasema. "Nauliza aina."

Mwalimu alipomtafsiria Koko maneno hayo, alicheka hadi akashika ubavu.

SI TAKATAKA

Tumezoea kulitumia neno mbwa koko kama tusi. Lakini mwaka 2009 ilichapishwa kazi ya watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani, waliopima vinasaba vya mamia ya mbwa wa vijijini katika nchi za Misri, Uganda na Namibia. Walikuta kwamba wengi wa mbwa hao, hasa wa Uganda na Misri, si mabaki ya mbwa wa Kizungu waliochanganyikana ovyo. Ni uzao wa mbwa wa kale waliokaa Afrika kwa vizazi na vizazi. Kwa hiyo yule unayemrushia mawe jalalani huenda ana ukoo mrefu kuliko mbwa wa bei anayefugwa nyuma ya lango la chuma.

Nchi ya Wamaasai inalijua hilo kwa matendo. Mbwa, anayeitwa oldia kwa Kimaasai, hufuata mifugo malishoni na kulala nje ya boma. Fisi au chui akinyemelea mbuzi usiku, mbwa ndiye wa kwanza kupiga kelele. Si mbwa wa kubebwa, wala halali kitandani. Hata hivyo ana kazi, na mwenye kazi ana heshima yake.

Koko hakutupa kilebu mara moja. Alituketisha, akatupatia chai ya maziwa, halafu akauliza swali moja kupitia kwa mwalimu: "Mtamfunga mnyororo?"

Nilisita. Katika ploti tunayoishi, upande wa Dagoretti, mbwa wawili niliowahi kuwaona walikuwa wamefungwa mchana kutwa nyuma ya vyoo, na kila mtoto aliyepita aliwarushia kitu. Mmoja wao ndiye aliyemkimbiza binti yangu alipokuwa na miaka mitano, siku mnyororo ulipokatika. Tangu siku hiyo binti yangu alikuwa akivuka barabara kila aonapo mbwa, hadi alipoanza kumwomba babake wafuge mmoja, mdogo, "ili nijifunze kutoogopa."

"Hatutamfunga," nilisema.

"Basi mfundisheni watu mapema," Koko akajibu. "Mbwa asiyejua watu, watu wote kwake ni fisi."

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Nilidhani ni maneno ya busara ya kikongwe tu, kumbe ni jambo ambalo wataalamu wamelichunguza kwa miaka. Wamarekani wawili, John Paul Scott na John Fuller, walifanya kazi hiyo kwa muda mrefu huko Bar Harbor katika jimbo la Maine na kuchapisha kitabu chao mwaka 1965. Waligundua kwamba mtoto wa mbwa ana kipindi kifupi cha kujifunza nani ni rafiki duniani. Kipindi hicho huanza akiwa na wiki tatu hivi na kufikia kilele chake kabla hajatimiza wiki 12 au 14. Katika majaribio ya huko, vilebu waliolelewa bila kuonana na binadamu hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa mwituni. Kuwazoeza baadaye ikawa kazi kubwa mno.

Tafakari jambo hilo, msomaji. Mlango uko wazi kwa miezi michache, halafu unaanza kufungwa polepole. Anachokiona mbwa wakati huo na kukipata kuwa chema, hakitamtisha ukubwani. Anachokikosa atakishuku. Mbwa wengi tunaowaita wakali si wakali kwa kuzaliwa. Ni waoga ambao hawakuonyeshwa dunia mlango ulipokuwa wazi.

Mwalimu alimfungua kilebu mdomo. Meno ya utotoni yalikuwa yameota yote, hivyo tukamkadiria wiki nane. Huo ndio umri unaofaa kumtenga mtoto wa mbwa na mamake, ingawa huyu wetu alitengwa mapema na watu wasiojua au wasiojali. Tulibakiwa na wiki tano au sita za kazi.

Tulimtia katika kiondo, tukamfunika kwa kipande cha shuka kutoka jikoni kwa Koko ili asikose harufu anayoijua. Binti yangu akampa jina Vumbi. Garini, makanga alichungulia kiondo akauliza, "Huyu analipa nusu ama kamili?" Abiria wakacheka, na Vumbi akasikia kicheko cha watu wengi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Hakuogopa. Somo la kwanza lilikuwa limepita bila sisi kupanga.

SHULE YA VUMBI

Kesho yake tulianzia kwa daktari wa mifugo, na wewe pia uanzie hapo. Alimpa dawa ya minyoo, akamtoa kupe waliojificha masikioni, akamdunga chanjo ya kwanza ya distempa na pavo. Chanjo hiyo hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka kilebu atimize wiki 16. Usiidharau. Virusi vya pavo huweza kuishi katika udongo kwa miezi mingi na huua vilebu kwa kuhara damu. Distempa nayo haikomei kwa mbwa: mwaka 1994 ilienea Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba wa huko, na wachunguzi waliwatilia shaka mbwa wa vijiji vya jirani kuwa ndiko ilikotoka.

Hapa ndipo mfugaji mgeni hupigwa na butwaa. Daktari anasema usimshushe chini penye mbwa wengine kabla chanjo hazijakamilika. Tena anasema umwonyeshe dunia kabla ya wiki ya 14. Utafanyaje yote mawili? Jibu ni mikono yako. Mbebe.

Kila jioni binti yangu alimbeba Vumbi katika kiondo kilekile. Walikaa kando ya kituo cha bodaboda asikie pikipiki. Walisimama mbali na fundi wa kuchomelea vyuma, na kila siku wakasogea hatua chache. Alionyeshwa mtu mwenye mwavuli, mzee mwenye bakora, mama aliyejitwika ndoo, askari wa usiku mwenye koti kubwa, mtoto anayejifunza kutembea. Kila alipotazama kitu kipya bila kulia, alipewa chembe ya nyama iliyochemshwa. Alipoogopa hakulazimishwa, bali walirudi nyuma hadi atulie. Hiyo ndiyo siri yenyewe: umpeleke kilebu kwa mwendo wake, si kwa mwendo wako.

Nyumbani tulimzoeza kuguswa makucha, masikio na mdomo, ili siku ya daktari isiwe siku ya vita. Kila alipoamka na kila alipomaliza kula tulimtoa nje ajisaidie. Akikosea ndani, tulifuta tukanyamaza. Kumsukumia pua katika uchafu hakumfundishi usafi. Kunamfundisha kukuogopa. Chakula chake kilikuwa ugali uliochanganywa na omena au nyama iliyoiva. Mifupa iliyopikwa hatukumpa, kwani huvunjika vipande vyenye ncha na kumchoma tumbo. Matumbo mabichi ya kondoo pia tulimnyima, maana humo mbwa huokota mnyoo ambao mayai yake yakimwingia binadamu humletea uvimbe wa maji katika ini au mapafu. Ugonjwa huo unajulikana sana katika nchi za wafugaji, Kajiado na Turkana zikiwemo.

SIKU TULIYOKOSEA

Ningependa kukuambia kwamba mambo yalikwenda sawa hadi mwisho. La hasha.

Vumbi alikuwa na wiki 11. Nilimwekea chakula uani, nikaingia ndani kuzima jiko. Mvulana wa jirani, mwenye miaka sita, alikuja mbio kucheza, akamwangukia huku anakula. Vumbi aligeuka akamng'ata mkono. Jeraha lilikuwa dogo, mikwaruzo miwili yenye tone la damu. Lakini Vumbi hakuwa amepata chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa kuwa hutolewa akitimiza miezi mitatu, na hatukujua alikutana na nini kabla ya kutiwa sandukuni.

Wengi wetu hapa husema "ni mkwaruzo tu" na kupaka mafuta ya taa. Usifanye hivyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kama asilimia 40 yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu visa vyote, asilimia 99, hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, mgonjwa haponi. Lakini kabla ya dalili, ugonjwa huu huzuilika kabisa. Tuliosha mkono wa kijana kwa sabuni na maji ya bomba kwa dakika 15 nzima kwa saa, kisha mimi na mamake tukaenda naye hospitali siku ileile, akaanzishiwa sindano. Vumbi aliwekwa chini ya uangalizi kwa siku kumi. Mbwa aliyemwambukiza mtu kwa kumng'ata, kwa kawaida huugua mwenyewe au kufa ndani ya siku hizo.

Jioni hiyo wapangaji walikutana uani. Wengine walisema mbwa aondoke kabla ya mapambazuko. Mwenye ploti alisema kosa jingine moja, na sisi sote tutafuata mbwa. Sikuwa na la kujitetea, kwa kuwa kosa lilikuwa langu: nilimwacha kilebu na chakula mahali watoto wanapocheza.

Aliyetuokoa ni jirani yetu Bi Mkubwa, mama wa Kiislamu mwenye asili ya Lamu, mtu ambaye sikumtazamia kabisa. Alisema, "Mimi mate ya mbwa yakinigusa nguo sina budi kutahirisha kabla ya kusali, na mnajua. Lakini kiumbe huyu hakujipeleka sandukuni. Mpeni muda. Ila mama, umfundishe asinirukie."

Siku kumi zilipita na Vumbi akabaki mzima. Kuanzia hapo alilishwa ndani, peke yake, na mara nyingine binti yangu alimlisha kwa kiganja ili ajue kwamba mkono unaokaribia bakuli unaleta, haunyang'anyi. Watoto wa ploti nao walifundishwa: usimguse mbwa anayekula au aliyelala, usimkimbilie, usimkodolee macho. Mwacheni awanuse kwanza. Yule mvulana aliyeng'atwa ndiye aliyekuja kuwa mwalimu mkali wa wenzake. Na kila Vumbi alipotaka kumrukia mtu kwa furaha, tulimpa mtu huyo kisogo hadi miguu yake yote minne ikanyage chini. Hapo ndipo alisifiwa. Bi Mkubwa alipita na buibui lake wiki nzima bila kuguswa, akasema, "Masha Allah, kumbe ana adabu kuliko wengine humu."

Alipotimiza miezi mitatu alidungwa chanjo ya kichaa, na itarudiwa kila mwaka. Serikali ya Kenya imejiwekea mpango, ulioanza mwaka 2014, wa kuondoa vifo vya ugonjwa huu ifikapo 2030, na msingi wake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa. Kwa hiyo tangazo la kampeni ya chanjo likitolewa mtaani kwenu, mpeleke mbwa wako, hata kama ni koko wa kwanza mwenye sikio lililolala.

KURUDI KIMUKA

Vumbi alipokuwa na miezi mitano tulirudi Kimuka. Safari hii alikuja kwa miguu yake, amefungwa ukanda, na makanga alidai nauli kamili.

Koko alisimama langoni bila kusema neno. Nilijua anampima. Vumbi aliketi, akanyoosha pua, akanusa ncha ya shuka lake kwa muda mrefu. Sijui kama alikumbuka jiko lile. Mbuzi walipita, akawatazama, akamtazama binti yangu, kisha akalala chini. Mbwa wa boma walibweka kwa mbali, naye akajibu mara moja tu.

"Amepata watu," Koko akasema.

Kisha akatuonyesha kwa fimbo upande wa barabara. Mwezi uliopita, akasema, wameshusha wengine wanne.

Ndiyo sababu nimekuandikia, msomaji. Ikiwa unataka mbwa, kabla ya kutoa maelfu kwa muuzaji, uliza kwanza katika vituo vya uokoaji kama KSPCA, chama cha kutetea wanyama kilichoanza kazi nchini mwaka 1910. Utakuta wengi wanaongoja. Na ikiwa tayari unaye jike, mpeleke kwa daktari akafungwe kizazi. Ni operesheni ya siku moja, na huzuia masanduku mengi. Sheria ya nchi, Sura ya 360, inakataza ukatili kwa wanyama, lakini askari hawezi kusimama kila kona ya barabara ya Suswa.

Tulipokuwa tukiondoka binti yangu aliinamisha kichwa tena, akaguswa utosini. Halafu, mbele ya mbwa watatu wakubwa wa boma waliokuwa wakimnusa magoti, alisimama kimya, mikono chini, kama alivyowafundisha watoto wa ploti. Hakuvuka barabara.